Somo la 9: Mishipa Iliyopotea Njia

Leo tutasoma juu ya ugonjwa ambao hauletwi na mbu, wala maji machafu, wala uchafu wa nyumba. Mtoto huzaliwa nao. Uko ndani ya kifua chake, na kwa macho hauonekani. Lakini dalili zake huonekana. Mtu anayezijua dalili hizo anaweza kuokoa maisha ya mtoto wake au ya jirani yake.

Soma polepole. Ukikuta neno gumu, angalia orodha ya maneno mwisho wa somo. Ukimaliza, jibu maswali pamoja na wenzako darasani.

1. Nyumba moja ya Jibondo

Tuchukue mfano. Tufikirie nyumba moja katika kisiwa cha Jibondo, hapa Mafia. Baba wa nyumba hiyo ni fundi wa mashua, kama walivyo wanaume wengi wa Jibondo. Mama amejifungua mtoto wa kike. Ni mtoto wao wa tatu.

Siku za kwanza mtoto alionekana mzima. Alilia vizuri na alinyonya. Lakini wiki ya tatu mama aliona jambo. Mtoto alinyonya mara nne au tano, kisha akaliacha ziwa na kuhema. Paji lake la uso lilitoka jasho, kama la mtu mzima aliyepiga kasia mchana kutwa. Alilala kabla ya kushiba. Baada ya muda mfupi aliamka akilia kwa njaa.

Mama mkwe alimwona akasema, "Mwanangu, mtoto huyu ametupiwa jicho. Tumpeleke kwa mzee akazinguliwe. Ni siku saba tu."

Mama akajibu kwa adabu, "Mama, dua siikatai. Lakini hebu utazame ulimi wake."

Bibi aliinama, akatazama. Ulimi wa mtoto ulikuwa kama wa mtu aliyekula zambarau. Na mtoto wa wiki tatu hali zambarau.

Mama aliomba saa ya mumewe. Mtoto alipokuwa ametulia, alitazama kifua chake kikipanda na kushuka. Alihesabu kwa dakika moja nzima. Alipata pumzi 72. Kisha akafungua kadi ya kliniki, akasoma uzito. Siku ya kuzaliwa: kilo 3. Wiki ya tatu: kilo 3. Kwa wiki tatu mtoto hakuongezeka hata kidogo.

Baba alikuwa pwani, akitengeneza mashua. Mama alimwendea akamwambia, "Baba watoto, tuweke vyombo vya kazi. Mtoto huyu si wa kungoja siku saba."

Tumwache mama huyo kidogo. Kwanza tujifunze kilichokuwa ndani ya kifua cha mtoto.

2. Moyo hufanya kazi gani?

Moyo ni pampu. Huusukuma damu kwenda mwili mzima, usiku na mchana, bila kupumzika. Moyo wa mtoto mchanga una ukubwa kama wa ngumi yake mwenyewe.

Ndani ya moyo mna vyumba vinne. Viwili viko upande wa kulia, viwili upande wa kushoto. Kila upande una chumba cha juu na chumba cha chini. Katikati kuna ukuta.

Ili uelewe vizuri, fikiria bandari mbili zilizojengwa ubavu kwa ubavu. Damu ni kama majahazi. Hewa safi, yaani oksijeni, ndiyo shehena.

Majahazi matupu hutoka mwilini na kufika bandari ya kulia. Bandari ya kulia huyapeleka kwenye mapafu. Mapafu ndiyo mahali pa kupakia. Hapo majahazi hupakia oksijeni. Yakishajaa, hurudi katika bandari ya kushoto. Bandari ya kushoto huyapeleka mwilini: kichwani, tumboni, mikononi na miguuni. Huko shehena hupakuliwa. Kisha majahazi matupu hurudi tena bandari ya kulia.

Mishipa inayorudisha damu iliyojaa oksijeni kutoka mapafuni kwa kawaida ni minne. Miwili hutoka pafu la kulia, miwili hutoka pafu la kushoto. Yote minne huingia katika chumba cha juu cha kushoto. Hiyo ndiyo njia yake.

3. Mishipa ikipotea njia

Mara nyingine mtoto hukua tumboni mwa mama na mishipa hiyo haiungani mahali pake. Badala ya kuingia upande wa kushoto, damu yake huishia upande wa kulia.

Unaona taabu yake? Majahazi yaliyojaa hurudi katika bandari yalikotoka. Huchanganyika na majahazi matupu. Mengine hupelekwa tena mapafuni kupakia, na hali yamejaa tayari. Upande wa kulia wa moyo huelemewa na kazi. Mapafu nayo hujaa damu kupita kiasi. Upande wa kushoto hungoja mzigo ambao haufiki, na mwili unakosa oksijeni.

Sasa utauliza, "Mtoto huyo huishije hata siku moja?" Huishi kwa sababu ya tundu dogo katika ukuta ulio kati ya vyumba viwili vya juu. Kila mtoto akiwa tumboni huwa na tundu hilo. Kwa watoto wengi hufunga baada ya kuzaliwa. Kwa mtoto mwenye kasoro hii, tundu ndilo linalopitisha damu kidogo kwenda upande wa kushoto. Damu hiyo ni mchanganyiko, iliyojaa na isiyojaa. Ndiyo maana ulimi na midomo huwa na rangi ya zambarau au buluu.

Kasoro hii iko ya namna mbili.

Namna ya kwanza ni ya mishipa yote minne kupotea njia. Hii ni ya hatari. Mara nyingi mishipa huungana pamoja nyuma ya moyo, kisha damu yake hupita katika mshipa mwingine mpaka upande wa kulia. Mshipa huo huweza kupanda juu kuelekea shingoni. Huweza kuingia moja kwa moja upande wa kulia wa moyo. Huweza pia kushuka chini mpaka kwenye ini. Ikiwa mshipa umebanwa mahali fulani njiani, damu hujaa mapafuni kama maji nyuma ya boma. Mtoto wa namna hiyo huweza kufa katika siku chache za kwanza. Anahitaji upasuaji wa haraka.

Namna ya pili ni ya mshipa mmoja au miwili kupotea, na mingine kuwa mahali pake. Mtoto huyo huweza kukua na kwenda shule. Pengine huchoka upesi akicheza, au hukohoa mara kwa mara. Wengine hugundulika wakiwa watu wazima. Hawa nao wapimwe, na daktari ataamua kama wapasuliwe na lini.

Kati ya watoto 100 wanaozaliwa, karibu mmoja huwa na kasoro ya moyo ya namna fulani. Kasoro nyingi ni za matundu. Kati ya watoto 100 wenye kasoro za moyo, mmoja au wawili huwa na hii ya mishipa yote minne kupotea. Ni wachache. Lakini bila upasuaji, watoto 8 kati ya 10 wenye kasoro hiyo hufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja.

4. Si kosa la mtu

Moyo wa mtoto hutengenezwa mapema sana, katika miezi miwili ya kwanza ya mimba. Wakati huo mama wengine hawajui bado kama wana mimba. Mishipa hupotea njia wakati huo huo.

Kwa hiyo kasoro hii haikuletwa na jicho la jirani. Haikuletwa na chakula alichokula mama, wala kwa kubeba ndoo ya maji. Haikuletwa na ugomvi wa mke na mume. Wala si ugonjwa wa kuambukiza. Mtoto huyu aweza kulala na ndugu zake, wasipate chochote.

Ni vibaya kumlaumu mama. Lawama haimponyi mtoto. Tena mama anayelaumiwa huona haya, na akiona haya humficha mtoto ndani. Mtoto aliyefichwa hufa pasipo kuonwa na daktari.

5. Dalili za kutazama

Jifunze dalili hizi kwa moyo:

(a) Ulimi, fizi na ndani ya midomo huwa na rangi ya buluu au zambarau. Usitazame mikono na miguu peke yake. Mtoto mchanga akipata baridi, vidole vyake huweza kuwa vya buluu kidogo, na hiyo si hatari. Tazama ulimi. Ulimi wa mtoto mzima ni mwekundu, awe mweusi au maji ya kunde.

(b) Mtoto hupumua haraka hata akiwa ametulia. Mbavu huingia ndani anapovuta pumzi.

(c) Huchoka akinyonya. Hutoka jasho, huacha ziwa, huhema, hulala kabla ya kushiba.

(d) Haongezeki uzito. Mstari wa kadi haupandi.

(e) Hupata kikohozi na kichomi mara kwa mara.

Namna ya kuhesabu pumzi: Ngoja mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya. Fungua nguo kifuani. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa dakika moja nzima kwa saa. Pumzi ni za haraka ikiwa:

Mtoto chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi.
Mtoto wa miezi 2 mpaka 12: pumzi 50 au zaidi.
Mtoto wa mwaka 1 mpaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Pumzi za haraka huweza kuwa za kichomi au za ugonjwa wa moyo. Vyote viwili ni vya hospitali. Si kazi yako kuchagua ni kipi. Kazi yako ni kuhesabu, na kumpeleka mtoto.

6. Safari

Turudi Jibondo. Baba aliweka vyombo vya kazi. Bibi naye alisema, "Basi nami nakuja. Dua nitasoma njiani." Alisema vizuri. Dua haizuii safari, na safari haizuii dua.

Nesi wa zahanati alimbana mtoto kidole kwa kipimo cha oksijeni. Kipimo hicho ni kidogo, hakiumizi, wala hakitoi damu. Mtoto mzima huonyesha namba 95 au zaidi. Mtoto huyu alionyesha 80.

Nesi akasema, "Mama, umefanya vizuri kuja leo. Nendeni Kilindoni na chombo cha kwanza."

Katika hospitali ya wilaya, Kilindoni, daktari alimpa mtoto oksijeni. Mtoto mwenye kichomi akipewa oksijeni, mara nyingi namba hupanda vizuri. Namba ya mtoto huyu ilipanda kidogo tu. Daktari akaelewa kwamba taabu huenda iko kwenye moyo. Akaandika barua ya rufaa kwenda Dar es Salaam.

Kutoka Mafia kuna njia mbili. Ya kwanza ni ndege ndogo kutoka Kilindoni mpaka Dar es Salaam. Safari yake ni kama nusu saa. Ya pili ni chombo kutoka Kilindoni mpaka Nyamisati, kisha gari kupitia Bungu na Mkuranga mpaka mjini. Njia ya bahari ni ya bei nafuu, lakini hufuata hali ya bahari. Kusi ikivuma kwa nguvu, chombo huweza kuchelewa. Kwa hiyo usingoje mtoto azidiwe ndipo utafute chombo. Mtoto mgonjwa sana asafiri na mtaalamu wa afya na oksijeni.

Njiani fanya haya:

1. Mfunike mtoto vizuri na umweke kifuani pako, ngozi kwa ngozi.
2. Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi. Akichoka, kamua maziwa na umpe kwa kikombe safi.
3. Usimpe dawa ya miti shamba wala ya dukani.
4. Chukua kadi ya kliniki na barua ya rufaa. Vifunge kwenye mfuko wa plastiki visilowe.

Juu ya fedha: hospitali kubwa ya serikali ina ofisi ya ustawi wa jamii. Asiye na uwezo aende huko aeleze hali yake kwa ukweli. Usikae nyumbani na mtoto kwa kuogopa bei ambayo hujaiuliza.

7. Mafundi wa moyo

Upasuaji wa moyo haukuwako tangu zamani. Moyo ukisimama, mtu hufa. Na huwezi kushona kitu kinachopiga na kujaa damu. Madaktari walifikiri miaka mingi juu ya jambo hilo.

Tarehe 6 Mei, 1953, katika mji wa Philadelphia, Marekani, Daktari John Gibbon alitumia mashine aliyoitengeneza yeye na wenzake. Mashine ilifanya kazi ya moyo na mapafu, na yeye akaziba tundu katika moyo wa msichana wa miaka 18. Msichana akapona. Mwaka 1956 madaktari wa Marekani waliweza kurekebisha ndani ya moyo uliofunguliwa kasoro ya mishipa yote minne iliyopotea njia.

Kwetu Tanzania, upasuaji wa kufungua moyo ulianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa nchi za nje, hasa India. Mwaka 2015 ilianzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, hapo hapo Muhimbili, Upanga. Jengo lake lilijengwa kwa msaada wa Serikali ya China. Taasisi hiyo hupasua watu wazima na watoto. Madaktari wa kujitolea kutoka Israel, Australia, Uingereza, Saudi Arabia na Marekani wamekuja hapo kufanya kazi bega kwa bega na Watanzania.

Na Watanzania wenyewe wamejifunza. Daktari Godwin Sharau alikwenda Israel, akasomea upasuaji wa moyo wa watoto kwa miaka kadhaa katika hospitali ya Wolfson. Kisha akarudi nyumbani kuwapasua watoto wa Tanzania. Elimu yake imekuwa mali ya nchi nzima.

8. Mishipa hurudishwaje njiani?

Daktari wa Dar es Salaam alimpima mtoto kwa mashine ya kuangalia moyo. Mashine hiyo huonyesha moyo katika kioo kama cha televisheni. Haina sindano wala maumivu. Akawaonyesha wazazi jinsi mishipa minne ilivyoungana nyuma ya moyo, na mahali ilipopotea.

Baba alitazama sana. Kisha akauliza, "Daktari, mimi ni fundi wa mashua. Ubao ulioko chini ya maji siwezi kuushona. Lazima chombo nikipandishe mchangani. Wewe moyo utaupandisha wapi?"

Daktari akajibu, "Umeuliza swali la fundi, baba. Mchanga wetu ni mashine."

Kazi yenyewe huenda hivi:

Kwanza, mtoto hupewa dawa ya usingizi. Hasikii maumivu.

Pili, daktari hupasua katikati ya kifua na kufungua mfupa wa kifuani. Mrija huitoa damu na kuipeleka kwenye mashine. Mashine huitia oksijeni na kuirudisha mwilini. Sasa moyo waweza kupumzika. Mwili hupozwa, ili uhitaji oksijeni kidogo. Moyo husimamishwa kwa dawa maalumu.

Tatu, daktari hutafuta mahali mishipa minne ilipoungana nyuma ya moyo. Hapo hukata mlango. Hukata mlango mwingine katika chumba cha juu cha kushoto. Kisha huishona milango hiyo miwili pamoja. Uzi wake ni mwembamba kama unywele. Mshono lazima usivuje, kama vile mashua iliyotiwa kalafati vizuri isivyovuja. Tena usibane, ili damu ipite kwa nafasi.

Nne, tundu la kati ya vyumba vya juu huzibwa. Lilimsaidia mtoto zamani, sasa halina kazi. Ile njia ya upotevu nayo mara nyingi hufungwa.

Tano, moyo huamshwa. Mwili hupashwa joto. Mashine huondolewa polepole, na moyo huanza kusukuma wenyewe. Majahazi yaliyojaa sasa hufika bandari ya kushoto.

Kazi hii huchukua saa nyingi. Wazazi hungoja nje, na kungoja huko ni kugumu. Ni vizuri wasikae peke yao.

9. Baada ya upasuaji

Mtoto hupelekwa katika chumba cha wagonjwa wanaohitaji uangalizi mkubwa. Utamkuta ana mirija mingi na mashine ya kumsaidia kupumua. Usiogope. Mirija hiyo huondolewa mmoja mmoja kadiri anavyopata nguvu.

Ni lazima tuseme ukweli. Upasuaji huu ni mkubwa, na wako watoto wanaokufa. Mtoto aliyefikishwa akiwa amedhoofika sana, au ambaye mshipa wake ulibanwa, ana hatari zaidi. Lakini katika hospitali zenye uzoefu, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 hupona upasuaji huu. Linganisha namba hiyo na ile ya watoto wasiopasuliwa. Hapo utaona kwa nini siku saba za kungoja ni siku nyingi.

Tena kuna jambo moja ambalo wazazi wengi husahau. Kwa watoto wengine mishipa huanza kuziba tena mahali iliposhonwa, hasa katika mwaka wa kwanza. Mtoto huanza tena kuhema na kukataa kunyonya. Kwa hiyo tarehe za kliniki ya moyo zisikosekane, hata kama mtoto anaonekana mzima na mnene. Andika tarehe hiyo ukutani kwa mkaa kama huna kalenda.

Yule mtoto wa Jibondo alirudi nyumbani na kovu katikati ya kifua. Bibi alimtazama ulimi kabla ya kumpakata. Ulikuwa mwekundu. Bibi hakusema neno. Alimpa mkwewe kiti, akaenda kumchemshia uji.

10. Kijiji kifanye nini?

Mzazi mmoja hawezi peke yake. Kijiji kizima kina kazi:

1. Mama mjamzito ahudhurie kliniki na ajifungulie kwa mtaalamu. Mtoto apimwe kabla ya kutoka.
2. Kila mama apeleke mtoto kupimwa uzito kila mwezi, na aisome kadi mwenyewe.
3. Wakunga wa jadi, walimu wa madrasa na waganga wa jadi wafundishwe dalili hizi. Wao huonwa mapema. Wakimwona mtoto mwenye ulimi wa buluu, wamwelekeze zahanati siku hiyo hiyo.
4. Kijiji kiweke mfuko wa safari za dharura. Fedha kidogo kutoka kila nyumba hutosha nauli ya mama na mtoto.
5. Tutoe damu. Mtoto wa kilo 3 ana damu kama kikombe kimoja tu cha chai mwilini mwake. Upasuaji hauwezi kufanyika bila damu ya akiba. Mtu mzima mwenye afya, wa miaka 18 mpaka 65, mwenye kilo 50 au zaidi, aweza kutoa.

Ndugu msomaji, fundi wa Jibondo hawezi kushona moyo. Daktari wa moyo hawezi kujenga mashua. Lakini mtoto huyu aliwahitaji wote: mama aliyehesabu, baba aliyeacha kazi, bibi aliyekubali, nesi aliyepima, nahodha aliyewavusha na daktari aliyeshona. Mmoja wao angechelewa, kazi ya wengine ingekuwa bure. Wa kwanza katika mstari huo ni yule anayekaa na mtoto nyumbani. Ni wewe.

Maneno ya kukumbuka

Kasoro: upungufu, kitu kisichokaa kama kinavyotakiwa.
Oksijeni: sehemu ya hewa tunayoihitaji ili kuishi.
Mapafu: viungo vya kupumulia, viko viwili kifuani.
Kichomi: ugonjwa wa mapafu wenye homa, kikohozi na pumzi za haraka.
Rufaa: kupelekwa hospitali kubwa zaidi kwa barua ya daktari.
Kalafati: pamba na mafuta vinavyotiwa kati ya mbao za chombo ili maji yasiingie.

Maswali

1. Mishipa minne inayotoka mapafuni hutakiwa kuingia chumba gani cha moyo?
2. Kwa nini tundu la moyo lilimsaidia mtoto kabla ya upasuaji?
3. Kwa nini tunatazama ulimi, wala si vidole peke yake?
4. Mtoto wa miezi 5 ana pumzi 54 kwa dakika akiwa ametulia. Je, ni za haraka? Utafanya nini?
5. Kwa nini mtoto aliyepona arudi kliniki?

Majadiliano

Jadilianeni darasani: Leo usiku mtoto akizidiwa katika kijiji chetu, ni nani mwenye chombo? Ni nani mwenye simu? Nauli itatoka wapi? Andikeni majibu katika karatasi moja, mkaibandike mlangoni mwa zahanati.

Zoezi la nyumbani

Hesabu pumzi za mtoto mmoja wa nyumbani kwako akiwa amelala. Andika umri wake, tarehe, na idadi ya pumzi. Njoo nayo darasani.